Pombe, Usukani na Neno "Ajali"

Katika maisha yangu ya kazi nimefundisha somo la historia kuliko somo jingine lolote. Niliianza kazi hiyo nilipotoka chuo cha ualimu, na hata nilipokabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu sikuacha kuingia darasani na chaki mkononi. Historia ina tabia moja: ukiizoea, huwezi tena kulitazama jambo la leo bila kuuliza lilianza lini, na kabla yake watu waliishije. Katika insha hii nataka kuliuliza swali hilo juu ya jambo ambalo kwetu Nachingwea na Ruangwa limekwisha kuwa la kawaida mno, nalo ni mtu kunywa pombe kisha akashika usukani wa gari au wa pikipiki.

Mara nyingi tunapomzika mtu aliyeuawa kwa njia hiyo, husimama mzee mmoja makaburini akasema kwamba ajali haina kinga. Sote huitikia kwa vichwa, kisha tukatawanyika. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Mti ukikatika kwa upepo ukamwangukia mpita njia, hiyo ni ajali. Radi ikipiga nyumba, hiyo ni ajali. Lakini mtu aliyekaa kilabuni saa tatu, akalipa, akainuka, akatafuta ufunguo mfukoni na kuwasha chombo chake, alikuwa na nafasi nyingi za kujizuia kabla ya kumfikia marehemu. Tukiliita tendo lake ajali tunamdhulumu aliyekufa, na tunamwandalia kaburi anayefuata.

Tuanze na zamani. Watu wa upande huu wa kusini, Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo, hawakungoja kufundishwa kunywa na wageni. Pombe ya mtama ilipikwa kwa ajili ya kazi za ujima shambani, kwa mavuno, na kwa sherehe za jando na unyago. Mikorosho ilipoenea, ukaja uraka, unaotokana na maji ya mabibo yaliyokamuliwa na kuachwa yachachuke, na baadaye nipa, ambayo huchemshwa na kutoneshwa hadi ikawa kali kama moto. Dini zetu zimekwisha kusema yake juu ya vinywaji hivi, nami sina la kuongeza. Ninalotaka msomaji alione ni dogo: katika dunia hiyo ya zamani mnywaji alirudi nyumbani kwa miguu.

Huenda aliimba njia nzima. Huenda alijikwaa, akalala kando ya njia, umande wa alfajiri ukamwamsha. Huenda alimtukana jirani, na kesho yake akaitwa mbele ya wazee. Hayo yote ni mabaya, na pombe ilivunja nyumba hata wakati huo. Lakini nguvu aliyokuwa nayo mlevi ya kuumiza wengine ilikuwa ni nguvu ya mikono yake tu, na mikono hiyo ilikuwa imekwisha kulegezwa na pombe yenyewe. Hakuweza kumuua mama wa kijiji cha pili ambaye hakuwahi kumwona. Mila yetu juu ya ulevi ilitungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Ilimcheka, ilimwonea huruma, ilimwambia akalale. Kwa mtembea kwa miguu ilitosha.

Mashine ilifika Nachingwea ghafla. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika ukapendekeza kulima karanga kwa mashine katika maeneo makubwa mno, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Yakaletwa matrekta, mabuldoza na malori, mengine yakiwa mabaki ya vita, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuja bara hadi Nachingwea. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi huo, baada ya kutumia karibu pauni milioni 36, na karanga zilizovunwa hazikukaribia hata kidogo zile zilizotarajiwa.

Wanahistoria wengi huishia hapo, kwenye hasara ya fedha. Mimi nauona urithi mwingine. Mradi ule uliwaweka vijana wa mashambani nyuma ya usukani kwa muda mfupi sana. Baba yake kijana yule alikuwa hajawahi kuendesha hata baiskeli, naye leo anaendesha mashine yenye uzito wa tembo kadhaa. Mafunzo yalikuwa ya haraka: hii ni klachi, hii ni breki. Hakuna mila iliyokuwapo ya kumwambia dereva nini cha kufanya na kata ya pombe anayokaribishwa njiani, kwa sababu katika ukoo wake hapakuwahi kuwa na dereva. Mashine ilitangulia, na desturi ya mashine ikabaki nyuma. Nadhani mpaka leo haijaifikia.

Reli nayo ina fundisho lake. Treni huongozwa na vyuma viwili vilivyotandikwa na watu wenye akili timamu. Dereva wake hawezi kuihamisha njia apendavyo, na nyuma yake wako wakuu wa stesheni, watoa ishara na kitabu cha kanuni. Reli yetu ilifungwa mwaka 1962 kwa kukosa mizigo, na vyuma vikang'olewa. Nilikuwa mtoto wakati huo. Wakubwa waliyazungumza kama mambo ya uchumi, na ni kweli yalikuwa ya uchumi. Lakini tangu siku ile kila gunia na kila abiria wa Nachingwea aliwekwa juu ya lori, na usalama wake ukategemea kichwa cha mtu mmoja. Nyuma ya lori hapakuwa na mkuu wa stesheni wa kumnusa dereva pumzi.

Sasa tugeukie sheria, maana nayo ina historia yake. Uingereza mwaka 1872, kabla ya motokaa, ilitunga sheria ya kumwadhibu mtu aliyelewa huku akiwa na dhamana ya gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au injini ya mvuke barabarani. Tarehe 10 Septemba 1897 dereva wa teksi ya umeme jijini London, George Smith, mwenye umri wa miaka 25, aligonga jengo akiwa amelewa. Alikiri kosa na kutozwa faini ya shilingi 25. Ndiye anayehesabiwa kuwa dereva wa kwanza wa motokaa kutiwa hatiani kwa ulevi.

Kwa muda mrefu baada ya hapo shida ilikuwa moja: namna ya kuthibitisha. Askari alimwambia mshtakiwa atembee juu ya mstari, au daktari alimtazama macho. Mshtakiwa mwenye wakili hodari alisema alikuwa na usingizi tu. Mwaka 1932 mtaalamu wa Sweden, Erik Widmark, alichapisha kazi yake iliyoonyesha jinsi kileo kinavyoingia katika damu na kupungua kwa kadiri inayoweza kuhesabiwa. Mwaka 1936 Norway ikawa nchi ya kwanza kuweka kikomo cha kileo damuni kwa sheria. Mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Marekani akabuni chombo cha kupima pumzi barabarani. Uingereza iliwafuata mwaka 1967, ikachagua namba 80, yaani miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu.

Namba hiyo ndiyo iliyotufikia. Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, ambayo leo ni Sura ya 168 ya sheria zetu, nami wakati huo nilikuwa kijana. Kikomo kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80. Kwa dereva wa kazi, yaani anayebeba abiria au mizigo kwa malipo, kikomo ni sifuri. Hilo la pili watu wengi wa kwetu hawalijui, na ni la maana kuliko la kwanza, kwa kuwa vyombo vingi vinavyopita kati ya Nachingwea na Ruangwa vimebeba abiria wa nauli au mzigo wa watu. Dereva wa basi au wa lori la korosho hana ruhusa ya chupa moja, wala ya nusu chupa.

Namba 80 yenyewe si takatifu. Scotland iliipunguza kuwa 50 mwezi Desemba 2014, na Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi 50 kwa madereva wote, na 20 kwa vijana wanaoanza kuendesha. Sababu ni kwamba mtu huanza kuharibika uamuzi kabla hajaanza kuyumba. Wa kwanza kulewa ni yule msimamizi aliyemo kichwani, anayetuambia punguza mwendo, ngoja, usilipite lile lori. Yeye akiisha kulala, miguu na mikono bado inaonekana mizima, na mwenye nayo huapa kwamba yuko sawa kabisa.

Nilipokuwa nafundisha nilipenda kuwapa wanafunzi hesabu badala ya mahubiri. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye kileo cha asilimia 5, ina gramu 20 hivi za kileo. Mwanamume wa kilo 60 akinywa chupa mbili kwa haraka na tumbo likiwa tupu, aweza kukifikia kikomo cha 80 au kukipita. Kisha ini huondoa kileo polepole, kwa wastani wa miligramu 15 hivi katika kipimo hicho kwa kila saa moja. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala ndimu, wala kuoga maji ya baridi, wala supu ya asubuhi. Aliyelala saa sita usiku akiwa na miligramu 180, saa kumi na mbili asubuhi bado ana karibu 90. Amelala, ameamka, amepiga mswaki, na mbele ya sheria bado ni mlevi.

Hesabu ya pili ni ya mwendo. Chombo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva aliyelewa akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, amekwisha kuongeza mita nane, karibu urefu wa chumba cha darasa, kabla breki haijaanza kufanya kazi. Mtoto anayevuka barabara yumo ndani ya mita hizo nane.

Hesabu hizi zina ugumu wake kwetu. Chupa ya kiwandani ina karatasi inayotaja nguvu ya kinywaji, lakini kidumu cha uraka hakina karatasi. Uraka wa leo si sawa na wa kesho, na nipa ya nyumba hii si sawa na ya nyumba ile. Pombe za kutonesha zilipigwa marufuku na sheria ya mwaka 1966 inayoziita kwa jina la moshi, lakini hazijawahi kukoma kuchemshwa vichakani. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayesema anakijua kipimo chake anajidanganya. Sheria inahesabu kwa miligramu, naye anahesabu kwa kata.

Yako pia majira. Korosho huanza kuvunwa karibu na mwezi wa Oktoba, na mabibo huanguka pamoja nazo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika mikoa ya kusini mwaka 2007, mkulima hungoja mnada, na siku hizi minada ya wilaya zetu na ya Liwale husimamiwa na chama kikuu cha ushirika RUNALI. Malipo hufika kwa mkupuo. Hivyo katika miezi ileile fedha hujaa, uraka hujaa, na vyombo vipya hujaa barabarani. Kijana aliyelipwa korosho Jumatatu huonekana Jumatano na pikipiki mpya ambayo hajajifunza kuiendesha. Ufuta nao, unaouzwa katikati ya mwaka, huleta msimu mwingine wa namna hiyo.

Barabara nazo zimebadilika. Ruangwa ilikatwa kutoka Nachingwea ikawa wilaya yake mwaka 1995, na wakati ule safari kati ya miji hiyo miwili ilikuwa ya mashimo na mchanga, mchana kutwa wakati wa masika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji mwaka 2003, kusini ikaungana na nchi, na lami ikaanza kusogea hata kwetu. Tumeiomba lami kwa miaka mingi, na ni haki yetu. Lakini zamani mashimo yalikuwa askari wetu wa usalama barabarani. Mlevi hakuweza kukimbia hata akitaka. Leo anaweza.

Tangu karibu mwaka 2010 bodaboda imekuwa ndiyo gari la kijijini. Inampeleka mama mjamzito zahanati usiku, inabeba gunia la mbaazi, inawahisha mwalimu kazini. Sitaki kuwasema vibaya vijana wale, kwani wengi ni wanafunzi wangu na wanalisha familia. Lakini pikipiki haina bodi la kumkinga mtu, na abiria wa mishikaki, wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja bila kofia ngumu hata moja, hawana cha kuwaokoa dereva akiwa amelewa.

Nitasimulia kisa kimoja, na majina nitayahifadhi. Miaka kadhaa baada ya kustaafu kwangu, kijana mmoja niliyepata kumfundisha alikunywa mchana kutwa siku ya malipo ya korosho. Magharibi, kwenye barabara ya kwenda Ruangwa, alimgonga mama aliyekuwa akirudi shamba na kuni kichwani. Mama yule alifariki kabla ya kufikishwa hospitali, akaacha watoto wanne. Kijana alivunjika mguu.

Baada ya mazishi familia mbili zilikutana, nami nikaitwa kama mzee na mwalimu wa pande zote. Upande wa kijana ulileta shilingi laki nne na mbuzi, ukaomba mambo yamalizwe nyumbani: kwamba mashahidi wasiende polisi, au wakienda wasikumbuke vizuri. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Walisema sisi ni ndugu na majirani, marehemu harudi, na jela itaongeza yatima badala ya kuwapunguza. Walisema si yeye, ni pombe.

Nilipopewa nafasi nilisema kwamba ubani upokelewe, maana kufarijiana ni utu na hakuna sheria inayoukataza. Lakini ubani si hukumu. Tukiuza ushahidi kwa laki nne, tutakuwa tumeweka bei ya mtu sokoni, na kila mwenye pikipiki ataijua bei hiyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Baraza lilikuwa kali, na wapo walioacha kunisalimu kwa muda. Mume wa marehemu ndiye aliyeamua, akasema mashahidi waende.

Mahakamani yalijulikana mambo ambayo barazani hayakutajwa. Kijana hakuwa na leseni. Bima ya pikipiki ilikuwa imekwisha miezi minne kabla. Hili la bima ndilo lililoniumiza zaidi, kwa kuwa bima ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kwa mujibu wa Sura ya 169, iliwekwa kwa ajili ya watoto kama wale wanne. Bima ikiwa hai, walioumizwa na familia za waliokufa wana pa kudai. Ikiwa imekufa, wanabaki kumdai kijana asiye na kitu ila mguu uliovunjika. Alifungwa, akatoka, na leo analima. Watoto walilelewa na bibi yao.

Yafaa basi msomaji ajue sheria inasemaje, kwa sababu watu hudhani ni faini ya kumalizana na trafiki kando ya njia. Kwanza, kuendesha huku umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo ni kosa, na kuendesha ukiwa umepita kikomo ni kosa hata kama huyumbi. Adhabu yaweza kuwa faini au kifungo, na mahakama ina uwezo wa kumnyima mtu leseni. Pili, ukisababisha kifo au majeraha kwa uendeshaji wa hatari, hilo ni kosa jingine zito zaidi. Tatu, kesi ya jinai haifuti madai ya fidia. Na ikiwa dereva alikuwa kazini, mwajiri wake naye aweza kudaiwa. Nne, bima nyingi haziwalipi wamiliki hasara ya gari lao ikiwa dereva alikuwa amelewa. Tano, na hili ndilo jibu la wale waliosema si yeye ni pombe: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu chake cha 14, inasema ulevi si utetezi, isipokuwa kwa hali chache ilizozitaja. Mtu aliyekunywa kwa hiari yake hubeba matendo yake yote.

Je, serikali yaweza peke yake? Mwezi Februari 2017 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma na mbunge wa Ruangwa kwa miaka ile, alitangaza kupigwa marufuku kwa pombe kali za viroba, na marufuku ikaanza tarehe 1 Machi 2017. Naiheshimu hatua ile. Kiroba kilikuwa kimeifanya pombe kali iingie katika mfuko wa shati la dereva na hata la mwanafunzi. Iliwezekana kwa sababu viroba vilitengenezwa viwandani, na kiwanda kina mlango unaoweza kufungwa. Mbibo hauna mlango. Wala askari mwenye kipimo cha pumzi hawezi kusimama kila njia panda kutoka Lukuledi hadi Mbwemkuru.

Kwa hiyo sehemu iliyobaki ni yetu, na sioni kwamba ni ngumu kuliko mambo ambayo wazee wetu walikwisha kuyaweza. Wao walijua kwamba mwenye shughuli anawajibika kwa wageni wake. Anayepika pombe ya harusi hujua nani amelala wapi. Desturi hiyo inahitaji kuongezewa kitu kimoja tu: ufunguo. Mwenye harusi, mwenye ngoma, mwenye kilabu, na achukue ufunguo wa anayekunywa, na atandike mkeka wa kulala. Mama anayeuza uraka hapaswi kuonekana adui. Mimi mwenyewe nimepokea sare na madaftari ya watoto yaliyonunuliwa kwa fedha ya uraka. Lakini yeye ndiye wa kwanza kumwona mteja akianza kurudia maneno, na neno lake laweza kusikika kuliko la askari. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda wanamjua nani kati yao ananusa kila siku saa nne asubuhi; kumwondoa kwenye foleni siku hiyo ni kumsaidia, wala si kumchongea. Vyama vya msingi vinavyotangaza siku ya malipo vinaweza kutangaza na jambo hili kwa kipaza sauti kilekile. Nasi walimu tunaweza kufundisha hesabu ya miligramu 15 na ya mita nane shule ya msingi, kabla kijana hajaishika pikipiki ya mjomba wake.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua. Umri huo ndio wa madarasa yangu yote, kutoka wale wa darasa la kwanza hadi wale waliokuja kuniaga na barua ya kazi. Wengine walikufa kwa maradhi, na kwa hayo tunasema ni kazi ya Mungu. Wengine walikufa kwa mashimo, kwa matairi mabovu, kwa giza. Lakini wapo waliouawa na mtu aliyekunywa, akainuka na kuwasha chombo, na watu walikuwa wamekaa wanamtazama.

Naomba basi tuanze na jambo dogo lisilo na gharama. Siku nyingine mzee akisimama makaburini kusema ajali haina kinga, na ikiwa sote tunajua marehemu aliuawa na mlevi, tusiitikie. Tunyamaze tu. Ukimya huo utawafikia waliokuwa wamekaa naye kilabuni, maana nao watakuwa wamesimama palepale.